Baiskeli za Mizigo Zisipite Hapa

Kasulu, Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, dakika ishirini tu. Watu walitoka madukani wakasimama barazani kuitazama. Daftari hili nililinunua kwa kazi za ofisi, lakini nimeamua libaki nyumbani. Miezi saba niko hapa na jioni sina wa kuzungumza naye. Mama mwenye nyumba, Pelagia, ni mtu mwema, ila wageni wake wakija wanaongea Kiha barazani na kucheka, na mimi niko ndani nasikia kicheko bila kujua kinachochekwa. Nikitoka wanahamia Kiswahili, na kicheko kinaisha.

Naitwa Mwatumu, mtu wa Muheza, afisa mipango miji. Mume wangu Hashimu yuko Tanga, anafanya kazi bandarini. Ameahidi kuja mwisho wa Desemba.

Kazi yangu tangu Agosti ni mpango wa usafiri wa mji: bodaboda zisimame wapi, watu wavuke wapi, malori yapite saa ngapi. Tangu lami ifike, magari hayapunguzi mwendo yakiingia mjini. Septemba baiskeli mbili za mizigo ziligongwa pale njia panda ya Makere ndani ya wiki moja, na mtu mmoja akafa. Mimi ndiye niliyeandika pendekezo: kwa miezi mitatu ya majaribio, baiskeli za mizigo zisipite barabara kuu katikati ya mji kuanzia asubuhi hadi jioni. Zizunguke kwa njia ya bondeni, zitokee nyuma ya soko. Mkuu wangu wa idara, Godson, amelisifu. Linaanza Desemba.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeanza kuhesabu magari pale njia panda. Nakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, fomu mapajani. Saa mbili asubuhi mzee mmoja alisimamisha baiskeli mbele yangu, mikungu minne ya ndizi kwenye keria, imefungwa kwa mipira ya tairi.

"Mwakeye," alinisalimu kwa Kiha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaandika nini, mama, tangu alfajiri?"

"Nahesabu magari."

"Na sisi?"

"Na baiskeli pia." Nikamwonesha mstari wa mwisho kwenye fomu.

Aliutazama. "Mmetuweka chini ya mikokoteni," alisema, bila ubaya, akasukuma baiskeli yake akaenda.

Ijumaa, 8 Novemba

Yule mzee amepita tena. Amenipa ndizi mbivu mbili. Hakungoja asante.

Jumanne, 12 Novemba

Anaitwa Nkunzimana. Anatoka upande wa Makere, anaondoka nyumbani kabla jua halijatoka. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili wakiwa wamembeba mgongoni. Uraia aliupata utu uzima. Mke wake amefariki. Ana binti mmoja, Divine, fundi cherehani hapa mjini. Haya yote nimeyajua kwa dakika kumi kumi, anapopumzika njia panda kabla ya kupanda kwenda sokoni.

Nimegundua kwamba natazama saa inapokaribia saa mbili.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua. Hashimu hakupiga.

Jumanne, 19 Novemba

Leo nilimweleza Nkunzimana kuhusu zuio, maana hesabu inaisha kesho na nisingependa alisikie kwa mgambo.

"Bondeni umepapita wewe mwenyewe?"

"Nimepita. Dakika tisa."

"Kwa miguu?"

"Kwa gari la ofisi. Mwezi Septemba."

"Septemba kijito ni kikavu, hata mtoto anapita. Mvua ikikaza, mteremko ule ni sabuni. Na pale chini kijitoni hakuna daraja, ni magogo matatu. Mtu mwenye mikungu minne akishaanza kushuka hawezi kusimama wala kurudi."

"Tutamwaga kifusi cha moramu. Na daraja litatengenezwa."

"Lini?"

"Kabla ya Desemba."

Aliniangalia kama mtu anayetaka kuamini. "Haya. Mkimwaga, tutapita."

Jumatano, 20 Novemba

Nimemwambia Godson habari ya moramu. Amesema greda liko barabara nyingine, litakuja wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, tuanze tu. Nilipaswa kusema tusianze. Maneno yalifika mdomoni. Lakini mpango ulishasifiwa kikaoni, jina langu liko juu yake, na hapa hakuna kingine ninachosifiwa. Nikasema, "Sawa, bosi."

Jumatatu, 2 Desemba

Mabango yamesimikwa mawili, moja njia panda, lingine karibu na soko. BAISKELI ZA MIZIGO ZISIPITE HAPA. Maneno niliyachagua mimi. Nilikwenda kutazama. Mgambo wawili walikuwa pale wakiwaelekeza watu. Nkunzimana alifika saa mbili kasorobo, akalisoma bango polepole kwa sauti, akakata kona kushuka bondeni. Sijui kama aliniona.

Greda halijaja.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua siku nzima.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua. Ofisini wamefurahi, barabara kuu imekuwa nyeupe, haina baiskeli, malori hayasimami. Godson amepiga picha kwa ajili ya taarifa. Nimeuliza greda. "Wiki hii."

Jumatatu, 16 Desemba

Nimeuliza greda. "Baada ya sikukuu."

Jumanne, 24 Desemba

Hashimu amepiga simu. Meli zimebanana, hawezi kuja. Labda Machi, kwenye mfungo. Nilimwambia hakuna neno. Alisema, "Wewe ni mtu wa kuelewa, ndiyo maana nakupenda." Baada ya simu nilifua mashuka niliyokuwa nimeyatandika kwa ajili yake, ingawa yalikuwa safi.

Jumatano, 25 Desemba

Watoto wa Mama Pelagia wote wamekuja, nyumba imejaa. Mjukuu mmoja aliniletea sahani ya wali dirishani, akaniuliza kwa nini siendi kwetu. Nikamwambia ni mbali. Akasema, "Mbali kuliko Kibondo?"

Jumanne, 7 Januari 2025

Mvua. Greda liko Kibondo, limeharibika.

Jumanne, 14 Januari

Naandika nikiwa na tope magotini, sijaoga.

Saa nne asubuhi mtendaji wa mtaa alipiga simu ofisini: kuna mtu ameanguka bondeni. Godson alikuwa kikaoni. Nilikwenda peke yangu kwa miguu, kwa sababu gari lilishindwa kuteremka. Ndiyo mara ya kwanza naiona njia ile wakati wa mvua. Nilishuka nikishika nyasi. Viatu vilibaki kwenye tope, nikaendelea peku.

Baiskeli ilikuwa kijitoni, gurudumu la mbele limepinda, na mikungu mitatu imekwama kwenye mawe. Mzee Nkunzimana walikuwa wameshampandisha kando ya maji, wamemlaza juu ya kanga za wanawake waliomkuta. Walikuwa wanakwenda shambani. Walisema gogo la kati lilizunguka chini yake. Alianguka yeye kwanza, mzigo na baiskeli vikamfuata juu ya paja. Alikaa majini zaidi ya saa nzima akiita. Zamani njia panda watu wangemwona mara moja. Bondeni hakuna anayepita ila wale tuliowapeleka sisi, na wengi wao, nimeambiwa leo, wameshaacha kuja mjini siku za mvua.

Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alinitambua.

"Mama wa fomu," alisema.

"Mzee, pole. Tunakupeleka hospitali sasa hivi."

"Ndizi alizoagiza mwalimu zimekwenda na maji. Mwambieni."

Wanaume sita walimbeba kwenye machela ya miti na magunia, wanapanda hatua mbili, wanateleza moja. Nilikuwa nyuma, nimeshika ncha moja ya gunia. Kila walipoteleza alilia kwa sauti ndogo. Njia nzima niliipita kwa dakika tisa; mteremko ule peke yake tulitumia karibu saa nzima kuupanda.

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda hospitali. Paja limevunjika sehemu mbili. Atapona, wamesema, ila mguu huo utakuwa mfupi, na baiskeli ya mzigo asahau.

Binti yake alikuwa kando ya kitanda akimpangusa uso. Ni msichana mrefu, wa miaka ishirini na kitu, mwenye sauti ya chini. Nilimpa pole, nikajitambulisha. Alikunja kitambaa chake polepole.

"Wewe ndiye uliyeandika lile bango?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Baba alisema alikuambia kuhusu yale magogo."

"Aliniambia."

Alingoja niseme kitu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za greda, za wale waliogongwa Septemba, lakini mbele ya mguu ule yote yalikuwa maneno tu.

"Basi usirudi hapa," alisema Divine. Hakunipigia kelele. Mzee alikuwa amelala. Niliweka mfuko wa machungwa na maziwa mezani, nikatoka. Nilipofika mlangoni aliniita, nikageuka. Alikuwa ameninyooshea ule mfuko niuchukue.

Alhamisi, 16 Januari

Sikwenda kazini. Niliomba ruhusa ya ugonjwa. Mama Pelagia aligonga mara mbili, sikufungua.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeazima baiskeli kwa Mama Pelagia, ile ya marehemu mume wake. Nimefunga kiroba cha mchanga kwenye keria, si kizito kama mikungu minne, labda nusu. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nikaenda hadi kwenye bango langu, nikakata kona.

Nilianguka kabla ya nusu ya mteremko. Nikainuka, nikafunga kiroba upya. Baiskeli yenye mzigo haikufuati, inakuvuta. Ukiishika inakuburuta, ukiiachia inakwenda yenyewe. Nilianguka tena karibu na magogo, ubavu ukapiga jiwe. Ng'ambo ya pili walikuwapo vijana watatu na wanawake wawili wamejikinga mvua chini ya migomba. Walinitazama. Mmoja alisema jambo kwa Kiha, wote wakacheka. Nilikaa kwenye tope nikalia, na mvua ilinisitiri, maana sikutaka wajue. Kisha mwanamke mmoja alivuka, akashika usukani, mimi nikashika keria, tukavuka pamoja. Upande wa pili aliniachia baiskeli akarudi kwa wenzake.

Kutoka njia panda hadi soko nimetumia saa moja na dakika kumi.

Jumatatu, 20 Januari

Nimerudi njia panda na kiti changu. Safari hii sihesabu magari kwanza.

Jumatano, 22 Januari

Siku tatu, kabla jua halijatoka hadi limezama. Kwa wastani wa siku, magari ya aina zote 160. Baiskeli za mizigo 290, na hii ni baada ya wengi kuacha. Nimekwenda sokoni nikauliza kila mwenye ndizi, mihogo na mkaa bidhaa imefikaje. Karibu yote imekuja kwa baiskeli. Nilikuwa nimewaondoa barabarani watu wanaolisha mji, ili malori yanayokwenda mahali pengine yapite haraka. Na watembea kwa miguu sikuwahi hata kuwahesabu. Fomu haikuwa na mstari wao. Fomu niliitengeneza mimi.

Jumatatu, 27 Januari

Nilimpelekea Godson taarifa mpya. Godson si mtu mbaya. Siku zote nilimwona mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, lakini leo alifunga mlango, akaisoma yote mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwatumu, unataka kwenda kwenye kamati useme pendekezo lako lilikuwa kosa."

"Ndiyo."

"Watauliza nani alilipitisha."

"Nitasema niliandika mimi."

"Na mimi nilisema tuanze bila moramu." Alifuta miwani. "Nina watoto wanne. Unajua?"

"Sijui chochote kuhusu wewe," nilimwambia, na ilikuwa kweli. Miezi tisa tunakaa vyumba vinavyopakana.

"Tusubiri majaribio yaishe Machi. Yatakufa yenyewe kimyakimya. Hakuna atakayeumia."

"Mvua ya Februari ndiyo kali, wanasema."

Alivaa miwani. Mwishoni alisema ataiweka kwenye ajenda, lakini nitaiwasilisha peke yangu.

Jumamosi, 1 Februari

Mvua kubwa usiku na mchana. Nimesikia mwingine ameteleza bondeni, hakuumia, mzigo umemwagika wote. Kamati ni Alhamisi.

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwandikia Godson barua, mgambo waondolewe njia panda mpaka kamati ikae. Amekubali kwa mdomo. Kwa maandishi, bado.

Alhamisi, 6 Februari

Kamati ilikaa saa tano. Nilivaa ile suti ya buluu niliyovaa siku ya usaili.

Nilisoma idadi. Nikapendekeza zuio lifutwe leo, malori yasiegeshwe pembeni ya barabara kuu ili pembezoni pale pabaki kwa baiskeli na waenda kwa miguu, vibanda vya biashara visogezwe nyuma hatua mbili, na tuombe matuta njia panda. Diwani mmoja alicheka, akasema mji unaotaka kukua hauwezi kwenda kwa mwendo wa ndizi. Wengine wakacheka naye.

Kisha diwani mwingine, bibi mmoja mtu mzima ambaye huwa hasemi, akaniuliza, "Binti, kabla ya zuio, kuna mtu alikuambia njia ile haifai?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na yule aliyevunjika mguu."

Hakuna aliyecheka tena. Godson alikuwa akitazama karatasi zake.

"Kwa nini hukusikiliza?" Bibi yule hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshapita kwa gari, kiangazi, nikaona inapitika. Na kwa sababu mpango ulikuwa umesifiwa."

Palepale Godson akasimama. Sikutegemea. Akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, nami nilishauri tuanze kabla ya moramu. Hilo liandikwe pia." Akakaa.

Zuio limefutwa. Malori hayataegeshwa katikati ya mji. Habari ya vibanda imeahirishwa. Matuta yataombwa kwa wenye barabara. Mimi nitapewa barua.

Jumatatu, 10 Februari

Nilikwenda kuona mabango yaking'olewa. Baiskeli zilikuwa zimeshaanza kupita. Hakuna aliyejua mimi ni nani. Kijana mmoja mwenye magunia matatu ya mkaa aliniambia, "Mama, toka njiani." Nikatoka.

Jumatano, 12 Februari

Barua ya onyo imefika. Ni fupi kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa kwanza. Nimefuturu peke yangu, uji na tende tatu. Hashimu hakuja. Hakutaja, nami sikuuliza. Nimeona kwamba nimeacha kumsubiri, na sikumbuki ni siku gani niliacha.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Pelagia amenigongea wakati wa magharibi na bakuli la viazi vitamu. Alikaa mpaka nikamaliza kula. Akaniambia wale waliokuwa wakicheka bondeni walimsimulia. "Walisema, 'Mama wa serikali ameanguka kama gunia.' Ndiyo hicho walichocheka. Hapakuwa na baya." Nikamwuliza barazani wageni wake huwa wanacheka nini. Akasema, "Mambo ya ujinga. Njoo ukae, tutakufasiria."

Jumamosi, 8 Machi

Nilikaa barazani. Walinifasiria. Yalikuwa mambo ya ujinga kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Amerudi. Mzee Nkunzimana alikuwa njia panda leo, amekaa kwenye benchi la fundi baiskeli, magongo mawili kando yake, anaziba pancha. Nilitaka kupita upande wa pili. Lakini alikuwa ameshaniona.

"Mwakeye, mama wa fomu."

"Shikamoo, mzee. Mguu unaendeleaje?"

"Upo. Umekuwa na kiburi, hautaki kugusa chini." Aliendelea kusugua mpira kwa msasa. "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mimi si msomi. Lakini ile njia naijua kama mkono wangu. Nilijiuliza pale hospitali, huyu mama anakula ndizi zangu, anacheka na mimi, mbona neno langu hakulichukua?"

Nikamwambia lile lililo kweli. "Nililisikia. Nikaona nikilichukua nitaonekana sijui kazi."

Alitikisa kichwa taratibu. Aliutia mpira kwenye beseni la maji, akatafuta mapovu.

"Nimesikia ulishuka na kiroba cha mchanga," alisema baadaye.

"Nilianguka mara mbili."

"Mara mbili tu? Basi ulikuwa mzigo mdogo." Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza. Kisha uso ukarudi vilevile. "Mimi nimekusamehe, ego, ndiyo. Lakini Divine bado. Yeye ndiye anayenibeba kwenda chooni. Usimharakishe."

"Sitamharakisha."

Nilikaa kwenye benchi lile mpaka mwenye baiskeli alipokuja.

Ijumaa, 21 Machi

Barua nyingine. Nimehamishiwa Kibondo kuanzia tarehe saba Aprili, kuandaa mpango kama huu. Godson amesema si adhabu, wanahitaji mtu. Alisema kwa kuniangalia usoni, nami nikaamua kumwamini. Alinialika kwake. Nimewaona watoto wanne.

Nimempigia Hashimu. Akauliza, "Ni mbali zaidi ya hapo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Aa." Tukazungumza habari ya ankara ya maji ya nyumba ya Tanga, kisha tukaagana.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nilitoka kuswali, nikarudi, nikavua nguo mpya nikavaa za nyumbani. Mama Pelagia yuko kwa mwanawe. Nilipika wali wa nazi, nazi zenyewe nilizitafuta siku tatu, nikapika mwingi kwa mazoea, nikakaa nikautazama.

Saa saba nikasikia kengele ya baiskeli uani. Nilipotoka, Divine alikuwa amesimama ameshika usukani, jasho usoni, na baba yake amekaa kwenye keria, magongo mapajani. Amemsukuma kutoka chumbani kwake mpaka kwangu, kupitia barabara kuu, katikati ya mji, mchana kweupe.

"Baba anasema leo ni sikukuu yenu," alisema Divine. Hakutabasamu. "Anasema mtu hakai peke yake sikukuu. Nimemwambia huenda una wageni."

"Sina wageni."

"Nilijua," alisema. Kisha akaona nimetahayari, akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Nami kule kwangu nilikuwa sina."

Tulimteremsha mzee, yeye bega la kulia, mimi la kushoto. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Tulikula wote sebuleni kwenye mkeka, mzee kwenye kiti. Divine alikula kidogo mwanzoni. Baadaye aliomba aongezwe, akaniuliza huu wali una nini ndani. Nikamweleza habari ya kukuna nazi na kukamua tui. Aliniuliza maswali mengi kuhusu nazi, na hakuuliza hata moja kuhusu bango. Nadhani hatauliza. Nadhani pia hajanisamehe, na hakuja kwa ajili hiyo. Alikuja kwa sababu baba yake alimwomba, na mimi nimepokea hivyohivyo.

Nilikuwa sijawaambia habari ya uhamisho. Nilisema wakati wa chai. Mzee aliweka kikombe chini.

"Kibondo nako watu wanabeba kwa baiskeli," alisema. "Wanatoka Murungu, wanatoka kote. Watakupa gari likuzungushe mjini."

"Najua."

"Likatae."

Walipoondoka nilisimama barabarani. Divine alikuwa anasukuma kwa kuinama, mzee akitoa maelekezo ambayo nina hakika hayakuhitajika. Lori lilikuja nyuma yao, likapunguza mwendo, likawapita kwa mbali.

Kibondo, Jumanne, 8 Aprili 2025

Chumba kina dirisha moja na ukuta wenye ukungu. Sijui mtu hata mmoja hapa.

Asubuhi dereva wa ofisi alinisubiri nje injini ikiunguruma. Nilimshukuru, nikamwambia nitatembea. Aliangalia mawingu, akaniangalia mimi, akazima gari.

Mvua ilinikuta kilomita mbili nje ya mji. Nilijikinga chini ya paa la banda moja pamoja na mwanamke mwenye baiskeli, magunia mawili ya mihogo, miguu yote tope. Nikamwamkia. Nikamwuliza mvua ikinyesha hivi anapita wapi kufika sokoni.

"Unataka nikuambie au nikuoneshe?" aliuliza.

"Unioneshe."

Anaitwa Evaline. Mvua ilipopungua alishika usukani, nami nikashika keria kwa nyuma, tukaingia njiani.